Pikipiki Yenye Kiti Kirefu

Nachingwea,
20 Agosti 1954

Kwa Kaka Kaimu bin Seleman,
Likunja, Ruangwa.

Shikamoo kaka. Asalaam aleikum wewe na wote wa nyumbani. Je, magoti ya mama bado yanamsumbua, au yale mafuta ya nyonyo niliyompelekea yamemfaa? Wifi Zaina ameshajifungua? Kama ni mtoto wa kike msimpe jina langu, maana nasikia siku hizi huko kwenu jina la Mwanamvua limekuwa la kutemea mate. Sisi huku tu wazima. Sofia anakohoa kidogo kwa hili vumbi la kiangazi, mdogo wake ananenepa tu, hana habari na mtu.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Tadeo, dereva wa lori. Na jembe nimelipata. Tadeo alilishusha pale sokoni mchana kweupe, limefungwa kwenye kigunia, akasema kwa sauti kwamba kuna mzigo wa mume wangu kutoka kwa shemeji yake. Watu wa kwetu waliokuwapo waliinamisha macho, kwa kuwa kila mtu alijua maana yake. Kwetu mwanamume ndiye huhamia kwa mke. Huja na jembe lake akawalimia wakwe, na siku wakwe wakimrudishia jembe wamemwambia ashike njia. Kaka, hukuita kikao. Hukuuliza. Umetuma chuma kwenye lori kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima! Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka sasa. Shikamoo nimekupa kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, lakini maneno sitayapunguza. Na usitafute nani kanishikia kalamu. Valentina, mke wa dresa, yule mganga msaidizi wa hospitali, alinifundisha kusoma na kuandika mwaka juzi, na mwandiko huu ni wangu.

Umeandika makosa yetu mpaka karatasi imekosa pambizo. Nianze na pikipiki, maana naona ndiyo inayokuwasha. Unasema mume wangu Saadi ameacha kulima ili apambe chuma kama bibi harusi. Hiyo pikipiki, kaka, ilikuwa mifupa. Mzungu mpima ardhi aliiacha nyuma ya karakana ile kazi ya karanga ya Wazungu ilipovunjika na wenyewe wakaondoka, na kuku walikuwa wanatagia chini ya tangi lake. Saadi aliitengeneza miezi minane. Alikuwa akifungua kitu kimoja, anakilaza kwenye mkeka, anakisafisha, anakirudisha, ndipo anashika kingine. Madigadi yalikuwa yameliwa na kutu, akafua mengine kwa bati la pipa. Mikono ya usukani aliinyanyua na kuirudisha nyuma, ili mtu akae wima kama kwenye kiti cha baraza asiumwe mgongo mpaka Ruangwa. Ubavuni akatundika masanduku mawili ya mbao yenye vifuniko vya ngozi, ya kubebea vipuri na barua za tajiri aliyemwajiri. Tangi tukalipaka rangi nyekundu.

Kiti nilikishona mimi. Kile cha Mzungu kilikuwa kidogo kama kigoda cha mbuzi ya kukunia nazi, kinakata mapaja. Saadi alitaka kiti kirefu cha watu wawili, tena cha kukaa safari nzima bila kuchoka. Nilitafuta ngozi ya ng'ombe, nikailainisha kwa mafuta, nikaijaza sufi safi niliyoichambua mbegu kwa mkono, nikaishona mistari mitatu. Vidole vilivimba. Na zile kamba unazozicheka, kwamba mkono mmoja umezungushiwa katani na mwingine ngozi kama hirizi, hizo nazo nilizifunga mimi. Usione vyaelea, kaka, vimeundwa.

Haya, sasa ile siku ya Idi kubwa, mwezi huu huu. Tuliingia Ruangwa baada ya sala, honi inalia, tangi linawaka jua, na watu walitoka madukani kututazama. Sikatai, nilifurahi. Nilikuwa nimevaa kanga mpya na nimekaa kipanda farasi, kwa sababu kwenye barabara zetu anayekaa upande ataokotwa korongoni. Jioni ile ile nasikia habari zilishafika Likunja kwamba Mwanamvua amemkalia mumewe, anampigapiga mabega kama punda, na mwanamume mzima anatii. Umeniandikia neno hilo la punda kwa wino mweusi. Nimelisoma mara tatu. Ungekuwa mdogo wangu ningekuzaba kofi.

Kuhusu jembe, ulitaka kujua kama limefika. Limefika na limepata kazi. Saadi alipokabidhiwa aliligeuzageuza mikononi, na chakula hakukigusa. Kesho yake akaniambia tulipeleke kwa Augustino, yule fundi wa kuchomelea. Stendi ya pikipiki ilikuwa na kijiguu chembamba, kila tukisimama mchangani inazama na pikipiki inalala. Basi Augustino amekata bapa la jembe lako akalichomelea chini ya stendi, na sasa inasimama imara hata kwenye mchanga wa mtoni. Mpini nimechochea nao moto wa ugali. Tulikula tukashiba.

Sasa kaka, kaa chini. Kama kuna watu karibu, waondoe kwanza ndipo usome.

Umeandika kwamba kosa kubwa kuliko yote ni ufuta wako. Kwamba mwezi wa tatu ulimpa Saadi kipande cha kupalilia, naye akafyeka miche na kuacha magugu yamesimama, akaondoka bila kuomba radhi. Umesema ni kiburi cha mtu aliyezoea mashine, kwamba alikufanyia makusudi ili usimwite tena. Kaka, Saadi haoni. Alikuwa anapalilia kwa kupapasa. Usiku ule alirudi mikono imechanika, akaniomba nimletee jani la ufuta na jani la gugu, akakaa nayo ukutani anayasugua kwa vidole ajue tofauti yake. Mwenzio alikuwa anajifunza shamba lako lililokwisha haribika. Mimi nikawa nalia jikoni, nasingizia moshi.

Ni vikope, ule ugonjwa wa macho. Vilimwanza tangu siku za karanga, kwenye lile vumbi la matrekta. Dresa amemng'oa kope, amempaka dawa, daktari naye amemwangalia akasema kilichokwisha kuungua hakirudi. Anaona mwanga tu, kama mtu aliye ndani ya chandarua. Alinikataza nisimwambie mtu, maana alijua siku wakwe wakisikia watasema mume asiyeona ni mzigo, arudishwe kwao Kiegei. Nami nilinyamaza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Leo asubuhi nimemwambia kwamba nakuandikia yote. Akasema niandike, ila nisiombe huruma. Basi siombi.

Sasa yaangalie tena yale uliyoyaita mapambo. Katani ni mkono wa klachi na ngozi ni wa breki, ili vidole vyake visikosee. Kiti ni kirefu kwa sababu macho yake yalikuwa yamekaa nyuma yake, yamevaa kanga. Nikimgusa bega la kulia anakata kulia, la kushoto anakata kushoto, nikimkandamiza mgongoni kuna shimo, nikimpiga mabega yote mawili asimame hapo hapo. Huyo ndiye punda wako. Tulibeba mizigo ya tajiri hivyo tangu mwezi wa tatu mpaka Ramadhani ilipokwisha, na hakuna hata barua moja iliyopotea.

Halafu kuna kosa langu, na hili hujalisikia kwa mtu. Ilikuwa Mfungo Mosi, Ramadhani imekwisha tu, tumetoka Kiegei kuwasalimu wazee wake. Mama mmoja akakatiza barabara ana kuni kichwani na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimegeuka kando, natazama watu wakichota maji, nawaonyesha kanga yangu. Ndiyo, kaka, niliringa! Nilipogeuka alikuwa mbele yetu kabisa. Nilimpiga Saadi mabega yote mawili kwa nguvu zangu zote, breki ikashika, tukalala mchangani. Yule mama hakuguswa, ila alitutukana Kimwera chote anachokijua. Alipokwenda zake Saadi aliniuliza kama alikuwa mtu au mti. Nikamwambia ni mtu, ana mtoto mgongoni. Akainuka, akapapasa kiti mpaka mwisho wake, akakaa nyuma. Akaniambia nishike usukani.

Sikuwa najua kitu. Tuliisukuma mpaka Nachingwea, na kesho yake akaanza kunifundisha kwenye mashamba ya karanga yaliyoachwa, kule hakuna cha kugonga ila vichuguu. Nilianguka sijui mara ngapi, na goti la kushoto lina kovu la kukuonyesha. Yeye hukaa nyuma ananisikilizia injini. Ananiambia gea ya pili, ananiambia hilo bonde limekaribia kwa sababu upepo umepoa, ananiambia mnyororo umelegea kabla mimi sijahisi lolote. Saadi ni fundi vile vile, hakuna alichopungukiwa ila macho, na macho yapo kwangu mawili. Siku ile ya Idi kubwa nilikuwa nimeshajua kuendesha, lakini nilikaa nyuma kwa heshima yenu, nisikuaibishe mbele ya watu wako. Kwa ajili yako nilimweka mume wangu na roho za watu hatarini, na heshima yenyewe ukaiita upunda. Sitarudia tena.

Wiki iliyopita nilikwenda Lindi, nikamwambia bwana wa leseni kwamba nataka kujaribiwa. Walicheka mpaka makarani wakatoka nje. Wakanizungusha kuta za ofisi yao mara tatu, wakaniambia nisimame kwenye mteremko, nikasimama, nikaondoka bila injini kuzima. Kicheko kikawaishia. Karatasi ninayo, ina jina langu na muhuri.

Kwa hiyo Ijumaa ijayo baada ya sala tutakuja Likunja. Mimi nitakuwa mbele na Saadi nyuma, tena mchana, tupite katikati ya Ruangwa kila mwenye macho atazame. Kama unataka kumfukuza, mfukuze kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya mama, si kwa mkono wa Tadeo. Lakini hatarudi Kiegei peke yake. Nitapakia wanangu na vyungu vyangu nimfuate. Najua kwetu haijatokea mwanamke kufuata mume. Najua hao watoto ni wa ukoo wetu na wewe ndiye mjomba wao, wewe ndiye wa kuwaoza na kuwapa neno. Watakulia kwa watu wengine, na utakuwa umewatoa wewe. Mimi nimeshafikiri, sitikisiki.

Kama hutaki kumfukuza, hakuna haja ya kuniandikia hotuba. Toka tu nje. Akikuamkia kabla hujafungua kinywa, usidhani tumekudanganya kwamba haoni. Amekujua kwa mwendo wako, unavyoburuta kubazi la kulia. Husema Kaimu hatembei, anafagia. Anakupenda, sijui kwa nini. Mwitikie.

Mama mwambie nimemshonea kimto cha sufi cha kuwekea magoti, nitakuja nacho. Wifi mpe pole ya uzazi au hongera, vyovyote itakavyokuwa siku barua hii itakapofika. Wasalimie jirani wote, na wale wa punda wasalimie mara mbili. Sofia anasema mjomba shikamoo. Mungu atukutanishe kwa heri.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Mwanamvua binti Seleman,
dereva.