Sare ya arusi ya Zulfa

Pendo wangu,

Hujambo huko Morogoro? Huku Dodoma upepo unatia vumbi hadi kwenye chai, lakini mimi nina furaha hadi mashavu yanauma. Jana mume wangu (nalipenda neno hili!) alinipeleka kijijini Busi kumwamkia shangazi yake. Tukiwa tunakula ugali wa uwele na mlenda, akaingia jirani, mwalimu mkuu wa shule ya pale. Zulfa! Zulfa wetu wa chuoni, aliyeolewa bila kutualika.

Nilinuna. Kumbe na yeye amenuna.

"Nilikaa kutwa natazama mlango," akasema. "Kadi zenu si nilimpa Josefu awaletee?"

Josefu, yule wa kusinzia darasani! Hakutuletea hata moja. Na sasa, amini usiamini, ndiye afisa elimu kata, bosi wa Zulfa. Tulicheka hadi shangazi akauliza, "Nyie wake za watu, mna nini?"

Zulfa akakimbia kwake, akarudi na kitambaa cha sare ya arusi yake, cha zambarau, hakijashonwa miaka yote tisa. Kilikuwa changu, alichoniwekea tangu siku ile. Nikajifunga kiunoni, tukalia, mume wangu akanifuta machozi kwa kiganja chake. Ah, Pendo, nampenda!

Nikamwomba Zulfa anipe na chako nikuletee. Amekataa katakata. Anasema utakuja kukichukua mwenyewe, na utalala kwake.

Usimnunie tena, dada. Nakukumbatia mpaka ukose pumzi.

Mariamu wako, mke wa mtu!