Thelathini na Moja

Careen, pokea simu! Haya, basi soma. Nimejifungia stoo ya shule huku Kinyinya.

Unajua ile seva niliyoipanga, kompyuta yoyote ikiwashwa kwenye waya wake inajifuta kila kitu na kujiwekea mfumo mpya wa Linux yenyewe. Leo imekubali, watoto wakapiga makofi. Kutazama seva, inaniambia imemaliza kompyuta thelathini na moja.

Darasani ziko thelathini, Careen. THELATHINI.

Nikaufuata waya wa ziada hadi ofisi ya Directrice, mkuu wetu wa shule. Ni ule ule niliomchomekea asubuhi mimi mwenyewe, alipolilia intaneti.

Alama zote za Senior Six, darasa la mwisho, ziko kwenye kompyuta yake. Zilikuwa mle! Juzi nilimuuliza kama ana nakala mahali pengine, akanicheka: "Nakala ya nini, na mlango wangu una kufuli mbili?"

Kufuli mbili, jamani!

Sasa namsikia kwenye korido, ana furaha kweli: "Akinyi, ngwino! Njoo uone, hata yangu imekuwa mpya kama za watoto!"

Hajajua. Na yuko na mkaguzi, amekuja kuchukua alama.