Wembe Mgongoni mwa Mama

Jumanne

Kwa wembe! Shangazi amemwitia Mama mtu wa hijama amchanje mgongo na kumuumika damu, ilhali Mama humeza kila jioni dawa ya kuzuia damu isigande.

"Daktari tangu lini wewe?" shangazi alinikejeli nilipopinga. Mimi ninayenyamazisha ukumbi mzima nikifundisha chuoni, hapa Likoni sikusikilizwa.

Mpiga hijama akauliza, "Mama, kuna dawa watumia?"

"Hakuna, mwanangu."

Nikamwekea yule bwana paketi ya vidonge mbele yake. Akafunga mkoba. "Simgusi, wallahi. Damu haitakoma."

"Umenitangazia maradhi yangu," Mama akaninong'oneza. Hajasema nami tangu hapo.

Nimebandika onyo mlangoni kwa herufi kubwa: MAMA ASICHANJWE. Kesho narudi chuoni, shangazi aweza kumwita mwingine, na karatasi haijui kupiga kelele.