Shemeji Alifika Kabla ya Simu

Shoga, uko peke yako? Hii usimsomee mtu.

Leo saa nne asubuhi niko zamu kwenye simu za dharura, shemeji kanipigia. Si unajua ndiye kiongozi wa wazimamoto wa kujitolea. Kasema, "Tumeshafika ghala la magodoro, tunazima. Mwambie diwani tumewatangulia wale wa mshahara kutoka mjini."

Ghala gani? Hakuna aliyekuwa amenipigia kuhusu moto.

Simu ya kwanza, ya jirani wa ghala, iliingia dakika sita baadaye. Dakika sita, shoga. Yeye alijuaje?

Na kesho ndiyo baraza linaamua kama kikosi chao kivunjwe, waajiriwe wazimamoto wa kudumu badala yao.

Mchana kaja kituoni, bado ananuka moshi. "Shemeji, kwenye daftari andika simu iliingia saa nne kasoro robo."

Nikamuuliza kwa nini. Akaniuliza tu, "Wewe uko na sisi au na wao?"

Nimeandika saa ya kweli. Picha ya ukurasa ndiyo hiyo, itunze. Sasa hivi naingia kwa mkuu wa kituo.

Dada sijamwambia. Nitaanzaje, na ni mumewe?