Taya Lililoshika Kamba

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Garissa. Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Fartun Abdijabar Diriye. Umri: miaka 34. Kazi: mpimaji wa misuli na mwendo wa taya, kliniki ya meno, Iftin. Makazi: Waberi.

Nasema haya kwa hiari yangu. Nimeitwa kwa sababu ripoti niliyoleta hapa jana jioni ilikuwa namba tupu, na Sajini Komora anasema namba hizo hazimwambii kama Deeq apelekwe mahakamani au arudi kwake. Ana haki kulalamika. Nusu ya ripoti niliificha, na leo nimekuja nayo.

Mnamo tarehe 13 Machi 2023, saa nane na dakika kumi mchana, Saynab, jirani wa kliniki yetu, alimleta kaka yake, Mzee Gelle, mfugaji wa Buna, umri miaka 57. Mzee anaishi kwa Saynab tangu Oktoba, ukame ulipommalizia ngamia wote. Taya lake lilikuwa limekwama tangu Jumapili. Deeq, mume wa Saynab, alikuwa ameshakamatwa, na aliyemshtaki ni Abdimalik, mpwa wa Saynab mwenyewe. Macho ya Saynab yalikuwa yamevimba. Aliniambia, "Nikimtetea mume nimemtupa kaka. Nikinyamaza, watoto wangu hawana baba nyumbani."

Alinieleza kwamba Jumapili baada ya swala ya adhuhuri, Mzee Gelle alilala kwenye mkeka sebuleni. Deeq akasikia meno yakisagana na koo likikoroma. Kazi ya Deeq sokoni ni kunywesha ngamia dawa. Ngamia akibana meno, yeye humwingiza dole gumba pembeni mwa mdomo na kumpanua. Alidhani shemeji yake anakabwa na kitu, akamfanyia vivyo hivyo. Mzee aliamka, taya likawa halifunguki. Abdimalik aliingia saa hiyo hiyo, akakuta mkono wa Deeq umo mdomoni mwa adeer wake, yaani baba yake mkubwa. Alichokiona ni kweli. Alichokidhani, kwamba Deeq anamdhuru mzee, ndicho kimetuleta hapa.

Abdimalik alitufuata hadi mlangoni mwa chumba cha vipimo. Alisema, "Fartun, wewe ni wa kwetu. Mashine iseme tu vile tunajua." Nikamwambia mashine haina ukoo, akae nje.

Picha ya eksirei aliyopigwa hospitali asubuhi ile ilionyesha hakuna mfupa uliovunjika. Nilimbandika mzee vibandiko mashavuni na kwenye panja, juu ya misuli ya kutafunia, na kumgandishia sumaku ndogo kwenye meno ya chini ili mashine ifuate mwendo wa taya. Alifungua mdomo milimita 19 tu. Mtu mzima hufungua 40 na zaidi. Taya lilikwenda kombo kushoto, dalili kwamba kile kisahani laini ndani ya kiungo cha taya cha kushoto kimetoka mahali pake. Meno ya nyuma ya upande huo yamesagika bapa. Hiyo ni kazi ya miezi, dole gumba la mtu haliwezi kuifanya kwa dakika moja.

Saa nane na dakika arobaini nilimwomba alale chali, alegeze taya, asifanye chochote. Misuli iliyopumzika huchora mstari mnyoofu. Yake ilitetemeka tu. Kulikuwa na joto, feni inazunguka polepole, na mzee akasinzia. Ningemwamsha, lakini sikumwamsha.

Mistari ikaanza kupanda. Ilipanda juu sana, ikakaa, ikashuka kidogo, ikapanda tena, kwa mpangilio. Kwanza niliulaumu waya. Niliubadilisha, na mistari ikaendelea vile vile. Halafu nikasikia kooni mwake sauti ndogo, nikaitambua, kwa sababu babu yangu aliiimba kisimani nilipokuwa mdogo. Ni wimbo wa kuvuta maji. Wimbo ukivuta, mstari unapanda. Wimbo ukipumua, unashuka. Kwa dakika kumi na moja nilikaa pale nikiangalia kisima kwenye skrini. Sioni haya kusema nililia.

Alipoamka nilimuuliza, kwa jina la heshima tunalowaitia wazee, "Adeer, ulikuwa wapi?"

Alisema kwa meno yaliyobana, "Buna. Nanywesha."

Akanieleza kwamba kila akifumba macho ngamia wake wote wamesimama kisimani, wanamngoja. Yuko peke yake. Mikono ikichoka, anaishika kamba kwa meno, upande wa kushoto. Ndoo haijawahi kufika juu. Tangu Desemba huamka taya limekaza, na mara mbili lilishawahi kukwama kabisa, akalikanda kwa maji moto bila kumwambia mtu.

Kisha akasema, "Usiandike hayo. Wataniita mzee anayelilia ngamia usingizini."

Nilimheshimu. Niliandika namba nikaleta hapa saa kumi na nusu. Usiku kucha nilijiona mjinga.

Leo saa moja asubuhi nilipita kwa Saynab. Alikuwa amemwaga chai kwenye kikombe cha Deeq kwa mazoea, na kikombe kimekaa pale, chai imepoa, hakuna anayekigusa. Mzee alikuwa anakunywa uji kwa mrija. Nilimwambia, "Adeer, Deeq yuko ndani kwa sababu mimi na wewe tumenyamaza." Alikiangalia kikombe kile, akauweka mrija chini.

Akasema, "Andika yote. Na kamba uiandike."

Siwezi kuapa kwamba mkono wa Deeq haukumuumiza mzee. Naweza kusema haukuanzisha ugonjwa huu, na kwamba aliuingiza ili kumwokoa.

Nimesomewa niliyoyasema, na ndivyo nilivyoyaona. Sina la kuficha tena.

Sahihi: F. A. Diriye

MAONI YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Sajini Komora, na kumsomea shahidi. Abdimalik na Deeq nao wamesomewa, na Abdimalik akaomba kuondoa malalamiko. Deeq ameachiliwa saa sita na dakika tano mchana. Mzee Gelle alikuwa akimngoja langoni, juani, amekataa kiti. Deeq alimuuliza jambo kwa Kisomali, mzee akamjibu, wakaondoka wameshikana mikono. Niliomba shahidi anitafsirie.

Deeq aliuliza, "Ngamia wamekunywa?"

Mzee akasema, "Bado. Kamba ni nzito. Njoo tuvute wote."