Sanduku la Spana Linalorudi Safi

Itetemia, Tabora

Baba yangu mpenzi,

Hilo doa jeusi hapo juu ni kiganja cha mjukuu wako. Sasa hivi tu, nimegeuka kutafuta kalamu, Zawadi kaingiza mkono mzima kwenye kopo la grisi, akaja akaipiga karatasi pwaa, kisha akanitazama kama mtu aliyenisaidia kazi. Nimemfuta kwa kitambaa na sabuni. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo, ndiyo shikamoo yake kwa babu.

Na yangu pia, shikamoo Baba. Mama naye shikamoo. Goti lako linasemaje siku hizi za baridi ya ziwa? Sisi huku ni wazima, mtoto ana meno sita, na mvua zimeshapiga wiki kadhaa. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, na haya ninayotaka kusema yanamhusu mkweo. Yuko hapo uani anapakia ndoo tupu za asali kwenye pikapu ya tajiri. Barua nitampa dada mmoja wa hapa mtaani anayepanda treni ya Kigoma kesho, atakufikishia Ujiji.

Baba, nilianza kumshuku Shabani kwa sababu ya sanduku lako.

Unalikumbuka, lile la bati la kijani ulilompa siku ya ndoa, ukasema mbele ya wazee kwamba mwanamume anayeingia porini na gari bila sanduku ameshamfanya mkewe nusu mjane. Neno lile lilinikaa. Kila akienda kuchukua asali kwenye kambi za warinaji, sanduku nalipanga mimi. Darasa la saba nilimaliza kwa kubahatisha, lakini spana ya kumi na saba naijua kwa kuipapasa, umenilea gerejini mwenyewe. Chini naweka jeki, na ubao wake wa kuikalia isizame kwenye tope. Halafu pampu, viraka na gundi yake, mkanda wa feni wa akiba, waya, plaizi, vipande vya tyubu kuukuu vya kufungia bomba likipasuka, fyuzi ndani ya kopo la dawa. Na mche wa sabuni, kama ulivyonifundisha, wa kuziba tangi likitobolewa na kisiki.

Basi anakaa huko siku tatu, nne. Anarudi gari limepakwa tope mpaka milangoni, anakaa chini, anasema, "Mama Zawadi, jeki ya Baba imeniokoa. Bila ile ningelala na fisi."

Mimi nafungua sanduku. Ubao hauna hata alama ya jeki. Gundi haijatobolewa. Sabuni ina pembe zake zote nne. Gari lina tope, sanduku halina. Na siku moja nikainama karibu, nikasikia harufu ya udi. Jeki gani, Baba, inafukizwa udi?

Nikamwonjesha jirani yangu neno hilo, nikajuta. Akaniambia, "Mwenzangu, dereva ana mke kila penye kituo cha mafuta. Huyo wako barabara yake ina kituo kimoja tu, shukuru Mungu."

Na kweli kulikuwa na jina. Shabani hamalizi safari bila kutaja wali wa Mama Tatu, mama lishe wa pale njia panda, mbele ya Sikonge, lami inapoachana na njia ya porini. Safari iliyofuata, yeye akaondoka Alhamisi. Ijumaa mimi nikamfunga Zawadi mgongoni, nikapanda basi, nikashuka njia panda.

Nilitegemea mtu mzima. Nikamkuta wa umri wangu, mrefu, kanga moja kifuani, nyingine kiunoni, na moshi wa udi unatoka chumbani kwake saa sita mchana. Ni mzuri, Baba, sitakudanganya.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kinyamwezi. Nikajibu salama, nikaagiza wali.

"Mtoto mzuri. Hilo paji la uso mbona kama nalifahamu?"

"Labda unamfahamu baba yake."

Akacheka. "Dada, hapa wanapita madereva wote wa asali. Nawafahamu wote, na hakuna mzuri hata mmoja."

"Hata Shabani?"

"Huyo ndiye mbaya kuliko wenzake. Kumbe wewe ndiye Mama Zawadi? Akila hapa anasema, mke wangu wali wake haushikani hivi. Mimi namwambia, rudi basi kwa mkeo ukale uji."

Sikucheka. Nikamwambia nimekuja kuona sanduku la mume wangu. Akanitazama, akaelewa nilichokuja nacho moyoni, akafuta mikono akanyanyua pazia la chumba.

Chini ya kitanda kulikuwa na masanduku matano yamepangwa, na madebe ya dizeli, na makopo ya oili. La kijani lilikuwa la pili kutoka ukutani.

"Haya ndiyo wanaume ninaolala nao," akasema. "Yananuka, ndiyo maana nafukiza. Nikiyaweka nje yataota miguu."

Ndipo akanieleza. Asali inavuta harufu. Ukiiweka karibu na dizeli au grisi, hata ndoo iwe na mfuniko, inakunywa ile harufu na haiitoi tena. Kiangazi Shabani aliweka sanduku lako katikati ya ndoo, jua likapiga siku nzima. Alipofika mjini tajiri akafungua, akanusa, akarudisha shehena yote. Warinaji wakaichukua ile asali iliyowatoa jasho miezi, wakaitazama tu. Mzee wao wa kambi akapiga marufuku, hakuna chombo chenye oili kuvuka njia panda. Tangu hapo gari linaoshwa pale kwa Mama Tatu, sanduku linabaki, dereva anaingia; akitoka analichukua, analiweka mbele miguuni kwake, mbali na ndoo.

"Wakikwama humo ndani?" nikamwuliza.

"Wanatembea kambini kuita watu. Warinaji wanakuja na magogo, wanainua."

"Kambi ni mbali?"

"Inategemea umekwama wapi."

Nilimaliza wali nikarudi. Jumapili Shabani akaingia na tope lake. "Jeki ya Baba imeniokoa tena," akasema, akanichekea kwa upole. Nikamwekea maji ya kuoga. 

Baba, kwa yule mwanamke moyo umetulia, si wote lakini. Wali wake nimeuonja, ni mtamu kweli, na hilo linanikera. Ila sasa namshuku Shabani kwa jingine. Huenda alificha kwa aibu, kwa kuwa zawadi yako ndiyo iliyoharibu asali ya watu. Huenda anataka nisiogope. Sawa. Lakini mtu anayejua kunituliza kwa uongo mzuri hivi, siku akikwama kweli kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, mvua imefunga njia, mimi nitajuaje? Nitakuwa nimekaa hapa naamini ana jeki.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila kumwambia. Nimechukua ndoo mpya ya asali, ile ya mfuniko wa kubana. Spana sita nimezichemsha kwa majivu na limau, nikazianika siku tatu. Jeki yako ya oili inatoka jasho, nimeiacha. Nimepata kule mtaa wa Kanyenye jeki ndogo ya kusokota, haina oili ndani, nimeisugua mpaka inanuka limau. Pampu, waya, fyuzi, sabuni, vipande vya tyubu, vyote vimeingia. Ubao nimeusugua, nimeulaza chini ya ndoo kama sehemu ya gari. Kinachonitesa ni gundi ya viraka, maana inanuka kuliko dizeli. Nimeiviringisha nailoni mara tatu, nikaitia kwenye chupa, nikaziba mdomo kwa nta ya nyuki. Na mfuniko wa ndoo pia nimeuzungushia nta, nikaichanganya na ndoo zake tupu. Je, itazuia? Ikiponyoka harufu, safari hii tajiri hatarudisha asali tu, atamrudisha na dereva. Lakini bila gundi, pancha mbili zinamlaza huko. Wewe ungetoa nini, ungeacha nini? Nijibu upesi, safari ni wiki ijayo. Nina matumaini, Baba. Ikifaulu, hata wale wengine wanne watataka ndoo zao, na labda nitakuwa nawapangia mimi.

Nisalimie shangazi mwuza dagaa. Kaka Idi aliyebaki na gereji mwambie asiuze vaisi yako ya kubania vyuma bila kukuuliza. Bibi mzaa Mama mwambie Zawadi amechukua masikio yake. Nakuombea goti lipone na mkono wako usichoke kunifundisha. Ni mimi binti yako, mshika taa wako wa gere—

Ananiita. "Mama Zawadi, hebu njoo. Hii ndoo mbona nzito, na nani kaipaka nta?" Hajakasirika, au bado. Baba, jibu lako sitaliwahi tena. Naenda kumwambia nilifika kwa Mama Tatu, kwamba simlaumu kwa kuliacha sanduku, ila asinilaze tena kwa hadithi ya jeki ambayo ilibaki chini ya kitanda.