Turbo ya Kamphol na Uzi wa Baraka

Jeab, acha unachofanya usome hii. Natoka uwanjani sasa hivi, sijui nicheke au nibadilishe kazi.

Kamphol kashindwa mbio. Na shemeji yake. Yule shemeji kaja na pikapu ya shamba, mabalungi bado yamo nyuma.

Si unakumbuka nilimchagulia turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, yenye vipezi vinavyofunga na kufunguka vyenyewe, ili gari livute mapema? Leo halikuvuta kabisa. Linanguruma mpaka watoto wanaziba masikio, halafu linatembea kama mkokoteni.

"Dada, umeniulia injini." Ananiambia hivyo mbele ya ukoo mzima. Mimi fundi wake, eti nimemuulia injini.

Nikafungua boneti. Jeab, ile fimbo inayosukuma vipezi imezungushiwa uzi mweupe wa baraka, ule wa hekaluni, mpaka haisogei. Na mimi asubuhi nzima niko na laptop, navipelekea vipezi amri.

Nikachukua mkasi. Kamphol akanidaka mkono. "Thubutu uone. Huo kautoa Luang Pho." Mtu kashindwa na mabalungi, bado anatetea uzi.

Ikabidi tumpigie huyo mtawa mwenyewe, spika wazi, wote tunasikia.

"Mimi niliufunga kwenye usukani," akasema, taratibu kabisa. "Nani kauhamisha?"

"Mimi, Luang Pho. Nilitaka uongeze nguvu."

"Mwanangu, aliyeuomba ni mama yako. Aliomba usikimbize gari."

Tukageuka wote kumtazama huyo mama. Kakaa zake kivulini, anamenya balungi la mshindi.